CD V-700, DP-5V au Sosna: kipima mionzi cha zamani cha kuanzia kwa mtu wa Dar

Mezani kwangu hapa Tabata vimekaa vipima mionzi vitatu. Kushoto kuna sanduku la bati la njano lenye mkono wa kubebea na nembo ya pembetatu ndani ya duara. Hiyo ni CD V-700, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya ulinzi wa raia enzi za vita baridi. Katikati kuna DP-5V ya jeshi la Kisovieti, imevaa mkoba wake wa mkanda, na fimbo ya kushikia kichunguzi chake imelala pembeni. Kulia kuna Sosna, ya plastiki, ya kushika kwa mkono mmoja, waliyouziwa raia wa kawaida baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986. Sosna kwa Kirusi ni msonobari.

Vijana wanaokuja kuviona huuliza swali lilelile: "Kaka, nianze na ipi?" Nawaambia waanze na Sosna, wakishaizoea watafute CD V-700, na DP-5V waiache mpaka waielewe sheria na wawe na mahali pa kuitunza. Sababu zangu ni tatu, na matangazo ya wauzaji hayazigusi kabisa: chombo kinasikia mionzi midogo kiasi gani, kinavumilia vipi unyevu wa pwani yetu, na mtengenezaji aliacha nini ndani yake.

Kusikia kidogo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudanganywa na namba. Niliagiza CD V-715, ambayo kwa sura ni ndugu wa damu wa CD V-700: njano ileile, mkono uleule, nembo ileile. Tangazo liliiita kaunta ya Geiger. Ngazi ya juu ya 700 inaishia milirontgeni 50 kwa saa (rontgeni ni kipimo cha mionzi, na milirontgeni ni sehemu yake ya elfu), wakati 715 inafika rontgeni 500 kwa saa, mara elfu kumi zaidi. Nikaona hapa nimepata kubwa kwa bei ya ndogo.

Ilipofika nikaitia jiwe jipya, nikaisogezea kipande cha ile soksi nyeupe inayowaka ndani ya karabai, ya zamani, ya wakati ambapo zilitiwa thoriamu. Mshale haukutikisika. Nikabadilisha ngazi zote nne, kimya. Wiki mbili nikiamini nimeuziwa kitu kibovu, hadi nikaibeba kwa fundi redio mmoja wa mtaa wa Gerezani ambaye mikono yake naiamini. Akaifungua, akapima hapa na pale, akaifunga tena. "Kaka, hii nzima," akasema. "Wewe unaipa kunong'onezwa, yenyewe imezoea mizinga."

Na ndivyo ilivyo. CD V-715 haina tyubu ya Geiger, ina chemba ya ioni. Mionzi inapopita kwenye hewa ya chemba inang'oa elektroni, na chombo kinapima mkondo mdogo sana unaotokana na hapo, bila kuukuza ndani ya chemba yenyewe. Ili mkondo huo uonekane inatakiwa mionzi mingi mno. Ngazi yake ya chini kabisa inaishia rontgeni 0.5 kwa saa, yaani milirontgeni 500. Mionzi ya kawaida inayotuzunguka kila siku, kutoka ardhini, angani na kwenye kuta za nyumba, ni kama milirontgeni 0.01 hadi 0.02 kwa saa. Piga hesabu: ingebidi iongezeke mara elfu ishirini na tano au zaidi ndipo mshale ufike mwisho wa ngazi hiyo ya chini. Chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watu watakaotoka handakini baada ya bomu la nyuklia. Tunapoishi sisi hakitaona kitu milele, na hiyo ndiyo hali njema.

Tyubu ya Geiger, ambayo Hans Geiger na Walther Müller waliikamilisha mwaka 1928, inafanya kazi kwa namna nyingine. Ni mrija uliofungwa wenye gesi ya mgandamizo mdogo, na waya mwembamba katikati uliowekwa volti mamia kadhaa. Chembe moja ikiingia na kung'oa elektroni moja tu, volti ile inaivuta kwa nguvu, inagonga nyingine, nazo zinagonga nyingine, mpaka unapata mpigo mkubwa wa umeme unaoweza kusikika kwenye hedifoni. Tukio moja, mlio mmoja. Ndiyo maana tyubu ya ukubwa wa kalamu inasikia kile ambacho chemba nzima ya 715 haikisikii.

Sasa tuviweke vitatu vyetu pamoja. CD V-700 ina ngazi tatu: 0.5, 5 na 50 kwa milirontgeni. Ngazi ya chini ikijaa ni mipigo 300 kwa dakika. Kwa mionzi ya kawaida mshale unajiinua kidogo tu kutoka sifuri, ila hedifoni inakupa mlio mmoja mmoja, na hapo sikio lina faida kuliko jicho. DP-5V inaanzia milirontgeni 0.05 na kupanda hadi rontgeni 200 kwa saa, kwa ngazi sita na tyubu mbili za ukubwa tofauti. Ni upana wa ajabu kwa chombo cha mkononi, lakini angalia mwanzo wake: mionzi ya kawaida iko chini ya pale inapoanza. Utaisikia ikidondoka kwenye hedifoni, namba yake huipati. Sosna inaanzia milirontgeni 0.010 na kuishia 9.999 kwa saa. Imebeba tyubu nne za aina ya SBM-20, inahesabu kwa sekunde kama 20 kisha inakuandikia jibu kwa tarakimu. Kwa mtu anayetaka kujua sakafu ya matale ya nyumbani kwake inasemaje, au chumvi ya potasiamu, au kipande cha jiwe la fosfeti kutoka Minjingu ambalo lina urani zaidi ya mbolea nyingi, kati ya hivi vitatu ni Sosna peke yake inayojibu kwa namba.

Soksi ya karabai iliyoishinda 715 niliisogeza kwenye kichunguzi cha CD V-700, kizuizi cha chuma kikiwa wazi. Milio iliungana ikawa kama mafuta yanayochuruzika kwenye kikaango, nikalazimika kuhamia ngazi ya pili. Nilipozungusha kizuizi kikafunga dirisha, milio ikapungua sana, kwa sababu beta, mionzi ya chembe inayozuiwa na chuma, ilikuwa imezuiwa, na gama, ile inayopenya, peke yake ndiyo inapita. Sosna nayo ina kifuniko cha nyuma: ukikifunga inapima gama, ukikifungua inaona na beta. (Soksi yenyewe ikae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ikichakaa inakuwa vumbi, na vumbi la thoriamu si la kuvuta pumzi.)

Alfa, aina ya tatu ya mionzi, ya chembe zisizopenya hata karatasi, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoiona. Kuta za tyubu zake ni nene mno kwa chembe hizo. Anayetaka alfa atafute kichunguzi bapa chenye dirisha la ulanga, kama vile vinavyofungwa kwenye mita za Ludlum za Texas, na ajue kwamba dirisha hilo linapasuka kwa kuguswa na ncha ya jani la mnazi.

Jambo moja la kusoma kabla ya kumtangazia mtu namba. Milirontgeni zilizoandikwa kwenye uso wa CD V-700 zina maana kwa gama tu. Ukifungua kizuizi ukaiweka juu ya kitu kinachotoa beta, mshale utapanda, lakini zile "milirontgeni" hazina maana tena. Andika mipigo kwa dakika, na uandike umbali.

Unyevu

Hapa ndipo Dar inapotofautiana na ghala kavu la jangwani alikovitoa muuzaji. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Kwenye kipima mionzi unyevu huohuo unatambaa juu ya vihami na kuunda njia ya umeme ambayo mtengenezaji hakuichora.

Chemba za ioni ndizo zinazoteseka kuliko zote. CD V-715 inatumia rezista za ohmu mabilioni, maana mkondo inaoupima ni mdogo mno. Utando mwembamba wa unyevu wenye chumvi ya bahari unapitisha umeme kuliko rezista hiyo, basi sifuri inahama kila unapogeuka. Nimeiona yangu asubuhi ya mvua mshale umepanda wenyewe bila mionzi yoyote, na saa nane mchana jua lilipowaka ukashuka. Anayekaa Kigamboni au Kunduchi, karibu na upepo wa bahari, asiianze safari hii na chemba ya ioni.

Kwa upande huu DP-5V ndiyo mbabe. Ilijengwa kwa askari wa kwenye tope na theluji: sanduku lake lina mpira wa kuzibia pande zote na kichunguzi chake kimefungwa kama chupa ya chai. Ikiwa mpira haujakauka na kupasuka, unyevu hauingii kirahisi. CD V-700 nayo ina mpira chini ya kifuniko chake cha bati na klipu mbili za kubana, ila miaka sitini imeshapita na mara nyingi mpira umegeuka mgumu kama ukoko. Dalili ya unyevu kwenye volti ya juu ni milio inayokuja kwa mafungu bila mpangilio, kisha kimya, kisha mafungu tena. Sosna ina maungo ya plastiki yasiyozibwa hivyo, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa hapa kwetu. Inaponywa kirahisi kwa sababu ni ndogo: inaingia kwenye kopo la mfuniko wa kubana.

Mimi navitunza vyote kwenye madebe ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu Kariakoo huvitupa, ukiwaomba wanakupa mfuko mzima. Baada ya miezi kadhaa chembe zimeshiba maji. Namwaga zile za ndani kwenye kikaango kikavu kisichotumika kwa chakula, naziweka juu ya moto mdogo mpaka zikauke, zinaanza kazi upya.

Mawe

CD V-700 inatumia yale mawe makubwa ya tochi na redio, idadi ikitegemea nani aliitengeneza na toleo lake. Kila duka la mtaa linayo. Sosna inatumia betri ya mraba ya volti 9, ile ya kwenye malitimita, nayo ipo kila mahali. DP-5V inataka vipande vitatu vyembamba vya Kisovieti, viwili vya kuendesha na kimoja cha taa ya uso, na vipande hivyo hapa havipo. Utajitengenezea kishikilio cha betri za kawaida. Si kazi ngumu kwa mwenye pasi ya kuchomea risasi, lakini ni kazi.

Lililo zito zaidi ni mawe ya zamani yaliyosahaulika ndani. Ukifungua ukakuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye vishikio, usikate tamaa. Kama yaliyovuja ni ya alkali, tone la siki au ndimu kwenye pamba linaulainisha ukoko, kisha unafuta na spiriti na kuacha vikauke kabisa. Usimwagie. Ukimaliza sugua shaba kwa ufutio wa penseli mpaka ing'ae. Na tangu siku hiyo, kila unapomaliza kutumia, mawe nje.

Fundi wako mwambie na hili: tyubu ya CD V-700 inafanya kazi kwa volti 900 hivi, za Sosna kwa volti 400. Malitimita ya kawaida ikiguswa pale inazivuta volti zishuke na kuonyesha namba ndogo, fundi atadhani sakiti imekufa na kuanza kung'oa kapasita zisizo na kosa. Inatakiwa mita yenye kichunguzi cha volti ya juu, au rezista kubwa ya kugawanya.

Kilicho ndani

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa wageni wa jambo hili, maana nimeona watu wakilichukulia kama kuagiza saa ya ukutani.

DP-5V ina kizuizi chenye nafasi tatu: gama, beta na ukaguzi. Kwenye nafasi ya ukaguzi kuna chanzo kidogo cha strontiamu-90, kilichowekwa kwa makusudi ili askari ahakikishe chombo kinafanya kazi. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nguvu yake kupungua nusu, ni miaka 28.8, kwa hiyo chanzo cha mwaka 1980 bado kina zaidi ya robo ya nguvu yake. CD V-700 ina kibandiko pembeni, na chini yake chanzo cha kukagulia, kwenye mashine nyingi ikiwa ni urani iliyopunguzwa. Sosna haina chanzo chochote.

Kwa Tanzania, kuingiza na kumiliki chanzo cha mionzi ni jambo la Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC. Kabla hujalipa, waandikie Tume ueleze chombo gani, kina nini ndani, na unakitakia nini. Kama hutaki safari hiyo, mwombe muuzaji akuthibitishie kwa maandishi kwamba chanzo kiliondolewa na mtu mwenye ruhusa ya kukiondoa, au nunua Sosna. Kukikwangua mwenyewe kwa kisu kwenye meza ya jikoni ni kosa ambalo halirekebishiki: ukishakivunja, umekitawanya.

Kuna kimoja cha Kisovieti nawaomba mkipite kabisa, DP-63-A. Ni kidogo, cheusi, kizuri machoni na bei yake huvutia. Uso wake umepakwa rangi ya radiamu ili usomeke gizani. Rangi hiyo imeshachoka kung'aa, lakini radiamu-226 ina nusu-uhai wa miaka 1600, na inatoa gesi ya radoni muda wote kikiwa kabatini. Chombo cha kupimia mionzi ambacho chenyewe ndicho chanzo chumbani kina nafasi yake jumba la makumbusho, nyuma ya kioo, chini ya mtu anayejua.

Raha yenyewe

Kama ningekuwa nachagua kwa moyo tu, CD V-700 ingeshinda bila mjadala. Ukilegeza klipu, ukainua mfuniko, unakuta waya zimepangwa na kufungwa kwa uzi, kila kiungo cha risasi kimekaa kama punje. Toleo mojawapo lilitengenezwa na Lionel, kampuni iliyokuwa maarufu kwa treni za kuchezea watoto, na kwenye hilo nembo yao iko palepale kwenye uso wa mita. Ukivaa hedifoni usiku umeme umekatika na mtaa umetulia, mlio mmoja, kimya, milio miwili, kimya kirefu, unasikia kitu ambacho kilikuwepo kabla ya Dar na hakuna mtu aliyekipanga. Wageni wangu wote wakipewa hedifoni hiyo hunyamaza.

DP-5V ina uzuri wa jeshi: fimbo inayorefuka, sanduku la mbao, kila kipuri na nafasi yake. Lakini chombo chenyewe kina kilo tatu na ushee na seti nzima inapita nane, na gharama ya kuisafirisha utaijua bandarini. Sosna haina sura. Ni plastiki ya kijivu na swichi ndogo, na ina hadithi kubwa kuliko vyote viwili: serikali iliyozoea kuficha ilifika mahali ikawauzia wananchi kitu cha kujipimia wenyewe.

Nyingine zitakazokushawishi njiani: PDRM82 ya Uingereza ni nadhifu na ya tarakimu, ila ina uziwi uleule wa 715, ilitengenezwa kwa vita. Kalamu za dozi, za kupimia mionzi aliyopata mtu, unazochungulia kuelekea mwangani ukaona uzi mwembamba umelala juu ya skeli, ni nyepesi kusafirisha na nzuri mno kushika. Ukizitaka, chukua CD V-138 inayoishia milirontgeni 200, wala si CD V-742 ya rontgeni 200, na ujue kwamba wakati wa masika uzi utatambaa wenyewe kwa sababu ya unyevu. Bado utahitaji chaja yake.

Kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji picha ya sehemu ya mawe ikiwa wazi, picha ya mpira wa kuzibia, na video ya dakika moja chombo kikiwa kimewashwa mezani bila kitu chochote karibu, sauti ikisikika. Dakika moja ya mionzi ya kawaida inatosha. Ukisikia milio inadondoka bila kufuatana, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati, mwambie akifunge vizuri akitume.